Korogwe ya zamani: maduka ya Manundu yaliendeshwaje wakati fedha taslimu zilikuwa haba?

Mjukuu_wa_Manundu

Shikamooni wazee wangu, na salamu kwenu wenzangu nyote. Ninakusanya habari za mji wa Korogwe, mkoani Tanga, kuanzia miaka ya 1940 hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa ajili ya kijitabu cha ukoo wetu ambacho hakitauzwa popote. Habari za watawala, za mashamba ya mkonge na za reli nimezipata kwa wingi, kwa kuwa hayo yaliandikwa. Ninachokikosa ni maisha ya kila siku ya mjini: mtu alinunua wapi mafuta ya taa, alishonewa wapi, alinyolewa wapi, barua zake zilimfikia kwa njia gani, na zaidi ya yote alilipa kwa kitu gani na wakati gani.

Swali langu hasa ni hili. Wakulima wa vijiji vya jirani waliona fedha baada ya mavuno tu, na vibarua wa mkonge walilipwa baada ya kumaliza kipande. Hata hivyo, kila ninayemhoji husema kwamba maduka ya Manundu hayakukosa wateja mwaka mzima. Wateja hao walinunua kwa fedha ipi? Ikiwa walikopa, mwenye duka aliwezaje kumwamini mtu aliyeishi mwendo wa saa tatu kutoka mjini, asiye na anwani wala hati ya shamba? Pia ningependa kujua kama mafundi waliokaa kwenye baraza za maduka hayo, hasa mafundi cherehani, walikuwa vibarua wa wenye maduka, wapangaji, au watu waliojitegemea. Naomba majibu ya walioyaona, au waliosimuliwa na walioyaona.

Karani_Mstaafu

Marahaba, mjukuu wangu. Nilianza ukarani kijana mdogo katika shamba moja la mkonge karibu na Korogwe, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kujaza vipande, kwa hiyo nitaanzia hapo.

Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi 30. Kila siku ambayo mtu alimaliza kazi aliyopangiwa ilijazwa nafasi moja, na mshahara ulitolewa nafasi zote 30 zilipojaa. Hizo zilikuwa siku 30 za kazi iliyokamilika, si siku 30 za kalenda. Aliyeugua, aliyechoka au aliyekwenda kumzika ndugu yake alichukua muda mrefu zaidi, na siku ambayo hakumaliza kazi yake haikuhesabiwa. Hapo ndipo duka lilipoingia. Wengi wa watu hao, tuliowaita manamba, walitoka mbali sana, kutoka Kigoma, Ruanda-Urundi na upande wa Msumbiji, na kuanzia 1944 wengi waliletwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyoandikisha wafanyakazi. Hawakuwa na shangazi wala mjomba wa kuwapa kibaba cha unga. Shamba liliwapa posho, lakini posho haina sabuni, haina sigara, haina kanga ya mke. Mtu alikwenda dukani, akaonyesha kipande chake, mwenye duka akatazama nafasi ngapi zimejaa, akapima mkopo kwa jicho hilo. Kipande chenye nafasi 25 zilizojaa kilipata shati. Chenye nafasi 5 kilipata chumvi na kiberiti.

Kuhusu uhakika wa kulipwa, kuna jambo ambalo vijana wengi hulisikia kwa mshangao. Enzi ya Mwingereza kulikuwa na sheria iliyobana mikopo kwa Waafrika. Mfanyabiashara asiye Mwafrika hakuweza kumdai Mwafrika mahakamani kama mkopo haukuandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa serikali. Serikali ilisema inawalinda wenyeji wasizame katika madeni. Wapo waliosema kwamba iliwazuia wenyeji kukua kibiashara, na mimi niko upande wao. Matokeo yake ni kwamba daftari la dukani halikuwa na nguvu yoyote mbele ya hakimu. Mwenye duka alijua hivyo, na mkopaji mjanja alijua hivyo.

Kwa hiyo uhakika ulitafutwa penginepo. Kwanza, mkopaji mgeni aliletwa na mtu anayefahamika, na huyo aliyemleta ndiye aliyeulizwa kwanza deni likichelewa. Pili, kulikuwa na rehani: bangili ya fedha, doti mpya ya kanga, hata baiskeli, ambayo ililala stoo mpaka deni liishe. Tatu, na hili lilikuwa kubwa kuliko yote kwa wakulima, mwenye duka ndiye aliyekuwa mnunuzi wa mazao. Mzigua wa upande wa Handeni au Msambaa aliyeteremka na mzigo wake kutoka milimani alimpelekea mahindi yule yule aliyemkopesha jembe na mafuta ya taa, deni likakatwa pale pale kwenye mzani, na salio akapewa mkononi au akalichukua kwa nguo. Duka lilikuwa ndilo soko lake na ndilo benki yake. Tena mwenye duka mwenyewe alikuwa mkopaji: shehena yake aliipata kwa wafanyabiashara wakubwa wa mjini Tanga kwa ahadi ya kulipa baada ya miezi, na mkulima wa Handeni alipochelewa kuvuna, kuna mtu Tanga aliyekosa usingizi.

Mengine nitawaachia wenzangu. Kuhusu vinyozi sina la kuongeza, nilinyolewa chini ya mwembe kama watu wote.

Binti_wa_Fundi

Shikamoo Mzee Karani. Ndugu mwuliza swali, marehemu baba yangu alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la nguo pale Manundu, kwa hiyo sehemu hiyo ya swali naweza kuijibu bila kubahatisha.

Baba hakuwa kibarua wa duka, wala hakulipa kodi ya fedha. Makubaliano hayakuandikwa popote, lakini yalifahamika na kila fundi wa mtaa. Fundi aliruhusiwa kukaa barazani kwa sababu uwepo wake uliuza vitambaa. Mteja aliingia ndani, akakatiwa yadi zake za kaki, poplini, drili au marekani, kisha akatoka nje hatua mbili na kumkuta mtu mwenye futi shingoni akimsubiri. Mteja aliyekuja na kitambaa alichonunua duka jingine alishonewa, lakini alisubiri mwisho, na baba hakumshonea mbele ya macho ya mwenye duka. Fundi alifagia baraza asubuhi, aliwatazama wezi, na mwenye duka alipokwenda kula mchana au kuswali, fundi ndiye aliyewaambia wateja wasubiri.

Cherehani yake ya kwanza, Singer ya kukanyaga, ilikuwa mali ya mwenye duka. Baba aliilipa kwa kazi. Kila alipokosa wateja wake mwenyewe alishona bidhaa za duka, yaani kaptura za watoto, foronya na mashuka ya kupinda ncha, na kila kipande kilikuwa na bei yake iliyopunguza deni. Nyuzi na vifungo alivichukua dukani, vikaandikwa. Kwa hiyo hata fundi aliyejitegemea alikuwa na ukurasa wake katika daftari, tena ukurasa mrefu. Deni la cherehani lilipokwisha alibaki pale pale, kwa sababu cherehani unaweza kuihamisha lakini wateja huwezi kuwahamisha.

Kazi ilikuwa na misimu yake, na misimu hiyo ndiyo iliyoamua kama sisi watoto tutakula nyama. Januari zilikuwa sare za shule. Kabla ya Idi, baba alishona usiku kucha kwa taa ya karabai ambayo mwenye duka aliiwasha kwa mafuta yake mwenyewe, kwa kuwa siku hizo wote wawili walikuwa wakiingiza. Krismasi ilileta wafanyakazi wa mashamba na wanafunzi wa misheni. Baada ya mavuno walikuja wakulima, na hao walipenda kushonewa na kuvaa siku hiyo hiyo kabla ya kurudi kijijini, kwa hiyo mtu alikaa kwenye benchi amejifunga shuka la kuazima akisubiri suruali yake. Katikati ya misimu hiyo kulikuwa na viraka tu. Kugeuza kola ya shati iliyochakaa, upande wa ndani ukatokea nje, ilikuwa kazi ya kawaida ambayo sasa sioni fundi anayeulizwa.

Baraza moja ilibeba watu wengi kuliko fundi nguo. Upande wa kivuli cha asubuhi alikaa fundi viatu, aliyetengeneza pia katambuga za matairi. Karibu naye fundi saa na sanduku lake la kioo. Na mara kwa mara muuza kahawa alipita na dele lake na jiko la mkaa, akigonganisha vikombe ili watu wasikie. Mama yangu aliuza maandazi kwenye kona hiyo hiyo. Fundi bati alikuwa nyuma ya nyumba, kwa sababu ya kelele. Alichukua makopo matupu ya dukani na kuyageuza kuwa vibatari na vipimo vya mafuta, akamuuzia mwenye duka, naye akaviuza kwa wateja waliokuja kununua mafuta ya taa. Debe la mafuta likiisha lilikuwa na kazi nyingine nyingi: kutekea maji, kupimia mahindi, na mwisho kabisa kukunjuliwa na kuezekea banda.

Mtoto_wa_Stesheni

Nimekulia kwenye nyumba za reli, baba yangu akiwa mfanyakazi wa stesheni ya Korogwe, nami nitaongeza habari za barua na mizigo.

Njia ya reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mapema sana, wakati wa Wajerumani, kabla ya kufika Moshi mwaka 1911, na mji wa biashara ulikua kwa kuifuata stesheni. Kwa miaka mingi reli hiyo haikuungana na ile ya kati. Mzigo wa Dar es Salaam ulipitia bandarini Tanga au kwa barabara, mpaka ilipojengwa njia ya kuunganisha Ruvu na Mruazi mwaka 1963. Ndiyo maana maduka ya kwetu yalitazama Tanga kuliko Dar es Salaam, na Mzee Karani amesema kweli kuhusu madeni ya Tanga.

Kuhusu barua: posta haikupeleka barua nyumbani kwa mtu. Barua zilikwenda kwenye sanduku, na sanduku lilikodishwa kwa mwaka, kwa hiyo waliokuwa nalo ni maduka, misheni, shule, mashamba, idara za serikali na watu wachache wenye uwezo. Mkulima au fundi aliandikiwa kupitia sanduku la mtu mwingine. Bahasha ilikuwa na jina lake, kisha maneno «kupitia kwa» na jina la duka au la mwalimu mkuu, kisha S.L.P. na Korogwe. Mwenye duka aliyekubali watu watumie sanduku lake aliweka barua zao katika droo au akazichomeka kwenye waya kando ya mizani, na anayekuja kuulizia barua haondoki mikono mitupu; angalau hununua kiberiti. Shule nazo ziliwapa watoto barua za kijiji chao wapeleke. Barua iliyobebwa na mtoto ilifika, ila wakati mwingine ilifika imesomwa.

Telegramu ilitozwa kwa idadi ya maneno, na anwani ilihesabiwa pia, kwa hiyo watu walijifunza kusema jambo kubwa kwa maneno manne. Telegramu nyingi zilikuwa za misiba na magonjwa, kiasi kwamba mtu akiambiwa kuna telegramu yake posta, majirani walianza kukusanyika kabla hajaifungua. Fedha zilitumwa kwa hawala ya posta, na aliyetaka kuweka akiba alikuwa na kitabu cha akiba cha posta, ambacho wafanyakazi wa reli na walimu walikipenda kwa sababu kilikwenda nao walikohamishiwa. Nje ya posta alikaa mwandishi wa barua na meza yake ndogo. Mtu huyo alijua siri za nusu ya wilaya, kwani ndiye aliyeandika barua na ndiye aliyesoma majibu.

Huduma hizo zilikuwa chini ya shirika la pamoja la Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 zikawa za shirika la Tanzania. Sisi watoto tuliona tofauti kwenye stempu tu.

Mwana_Handeni

Wazee na dada zangu, nimesoma kwa heshima, lakini ninaona picha inapakwa rangi nzuri kupita kiasi. Mimi ni mjukuu wa yule mkulima aliyekatwa deni «pale pale kwenye mzani», na kwetu mzani huo unasimuliwa kwa namna nyingine.

Babu yangu alieleza kwamba debe la kununulia mahindi lilikuwa na kitako kilichotunishwa nje, na debe la kuuzia lilikuwa na kitako kilichobonyezwa ndani. Wakati wa kununua, mahindi yalijazwa mpaka yakafanya kilemba juu ya ukingo. Wakati wa kuuza, yalisawazishwa kwa kipande cha ubao. Huo ni ukoo mmoja na lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, tunayoipigia kelele hadi leo. Tena angalieni nyakati. Mkulima aliuza baada ya mavuno ya masika, mahindi yakiwa mengi na bei iko chini, kwa sababu deni lilikuwa linamsubiri. Ilipofika mwezi wa nne au wa tano wa mwaka uliofuata, ghala lake likiwa tupu, alirudi kwenye duka lile lile kununua mahindi yale yale, kwa mkopo, kwa bei ya njaa. Hakuna riba iliyoandikwa kwenye daftari, ni kweli. Haikuwa na haja ya kuandikwa, kwa kuwa ilikuwa ndani ya bei.

Vilevile tusisahau kwamba daftari lilisomwa na upande mmoja tu. Babu alijua kuhesabu vizuri, lakini daftari la mwenye duka liliandikwa kwa Kigujarati, naye alikubali lililosemwa. Mwuliza swali akiandika kwamba mji uliendeshwa kwa kuaminiana, aandike pia kwamba anayelazimika kuamini hana la kuchagua.

Karani_Mstaafu

Mwanangu wa Handeni, debe la kitako kilichotunishwa nimeliona kwa macho yangu, na sitamtetea aliyelitumia. Hata maduka ya Washihiri, yaani Waarabu wa Hadhramaut, na ya Waafrika wenzetu yalikuwa nalo, kwa hiyo lilikuwa tatizo la vipimo zaidi ya tatizo la kabila. Ukaguzi wa mizani ulikuwepo, ila mkaguzi alikagua mizani ya chuma. Debe halikuwa na muhuri.

Hata hivyo, nakuomba ulipime jambo moja. Mkulima alikuwa na njia ya kujilinda, nayo ilikuwa kugawanya. Watu wazima wenye akili walikopa nguo kwa mmoja, mafuta kwa mwingine, na siku ya gulio walipeleka sehemu ya mazao sokoni wakayauza kwa fedha taslimu kabla hayajafika mjini. Mwenye duka aliyezidisha ukali aliona watu wake wakihamia kwa jirani, na kama nilivyoeleza, hakuwa na mahakama ya kumrudisha mteja aliyemkimbia. Kwa sababu hiyo madeni ya miaka mingi hayakuwa mageni, na mengine yalifutwa kimyakimya ili mtu arudi. Kuhusu bei ya njaa sina ubishi nawe.

Mwalimu_Mombo

Nimefundisha historia katika shule za wilaya hii, nami ningependa kusaidia upande wa miaka, kwa sababu wengi huamini kwamba mfumo huu uliuawa na Azimio la Arusha. Kwa maoni yangu daftari lilianza kufa mapema zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ilikabidhi ununuzi wa mahindi na mazao mengine ya chakula kwa vyama vya ushirika na bodi ya taifa. Shabaha ilikuwa njema, nayo ilikuwa kumwondoa mlanguzi ambaye Mwana_Handeni amemweleza. Lakini mara mwenye duka alipokosa haki ya kununua mazao, alikosa pia rehani yake kubwa kuliko zote. Mkulima sasa alipeleka gunia kwenye ushirika, akasubiri malipo, na malipo mara nyingi yalichelewa. Mwenye duka naye akaanza kusema «lete fedha». Wakati huo huo mkonge ukaporomoka. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000, kiwango cha juu kabisa katika historia yake, kisha bei ikashuka kwa ushindani wa kamba za nailoni na nyuzi nyingine za viwandani, mashamba yakapunguza watu, na wateja wenye vipande wakapungua nao.

Yaliyofuata yalikuta mfumo tayari umechoka. Februari 1967 mabenki yalitaifishwa, likaundwa shirika la taifa la biashara la kuagiza bidhaa, na baadaye mwaka huo mashamba mengi ya mkonge yakafuata. Aprili 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na Wahindi wengi wa miji midogo wakaanza kuondoka, hata baadhi ya wale ambao nyumba zao hazikuguswa. Mwaka 1976 ulikuwa na mambo mawili kwa pamoja: Operesheni Maduka, iliyotaka maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe na maduka ya kijiji yachukue nafasi yake, na kuvunjwa kwa vyama vikuu vya ushirika. Operesheni hiyo ilisimamishwa baada ya muda mfupi, kwani duka moja la kijiji halikuweza kufanya kazi ya maduka matano, lakini wengi waliofunga hawakufungua tena. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bidhaa zikaadimika kabisa. Sukari na sabuni viligawiwa kwa kaya kupitia balozi wa nyumba kumi, kutoka kampuni ya biashara ya mkoa, na katika hali hiyo mkopo hauna maana: mtu mwenye fedha mkononi alikosa cha kununua, sembuse asiye nazo. Mafundi wa baraza walikaa kwenye cherehani zao bila kitambaa mpaka masharti ya uagizaji yalipolegezwa mwaka 1984, na nguo zilizoanza kuingia baada ya hapo zilikuwa mitumba.

Binti_wa_Fundi

Mwalimu, hapo kwenye mitumba umegusa kidonda. Baba alibadilisha kazi kutoka kushona hadi kupunguza, yaani kukata suruali za Ulaya ziwatoshe watu wa Korogwe, na aliiona kama kushushwa cheo.

Mjukuu_wa_Manundu

Nawashukuru sana wazee na wenzangu. Nitaiandika hoja ya Mwana_Handeni sambamba na ya Mzee Karani, na wasomaji wa ukoo wetu wataamua wenyewe. Nina swali moja lililobaki. Wazee wa kwetu hutaja mashine ya kusaga kama mahali ambapo kila mtu alifika, maskini na tajiri. Je, nayo iliingia katika daftari?

Mtoto_wa_Stesheni

Kwa kumbukumbu yangu, hapana, na sababu yake ni rahisi. Mashine iliendeshwa kwa injini ya dizeli, Lister kwa kawaida, na dizeli ililipiwa kwa fedha taslimu, kwa hiyo mwenye mashine hakuwa na nafasi ya kungoja mavuno. Malipo yalikuwa kwa debe. Asiye na senti aliacha sehemu ya unga wake, ambayo mwenye mashine aliipima kwa kibaba na kuimwaga kwenye gunia la pembeni, na gunia hilo liliuzwa jioni kwa wafanyakazi wa reli na wapangaji wasiolima. Mama yangu alinunua hapo kwa kuwa ulikuwa rahisi kuliko wa dukani, ingawa ulikuwa mchanganyiko: dona ya huyu, sembe ya yule, na mara nyingine mtama ndani yake.

Mashine ilikuwa na utaratibu wake wa foleni. Ndoo na makapu yalipangwa mstari tangu alfajiri, wenyewe wakakaa kivulini, na hakuna aliyethubutu kusogeza kapu la mwenzake. Walioleta mahindi yaliyokobolewa nyumbani kwa kinu walisagiwa kwanza mfululizo, kisha wale wa dona, ili sembe isichafuke. Mtoto aliyetumwa mashineni asubuhi hakutarajiwa nyumbani kabla ya adhuhuri, na injini ikigoma alirudi jioni akiwa mweupe wa unga kuanzia nywele hadi kope.

Karani_Mstaafu

Nathibitisha habari ya kibaba. Kwenye mashine niliyoijua mimi pishi nne zilikatwa kibaba kimoja, yaani sehemu moja ya kumi na sita, kwa kuwa pishi ni vibaba vinne. Mashine nyingine zilikata zaidi, na watu walitembea mbali kuzikwepa. Mjukuu wangu, ukifika Korogwe niandikie kwa faragha. Nitakutambulisha kwa wazee wawili wa mjini waliowahi kushika mpini wa injini hizo, nao wana kumbukumbu nzuri kuliko yangu.